Pijo 504 ama Datsun 160J? Ukitaka gari ya enzi za Safari, chukua gani

Kila Pasaka ikikaribia lazima mtu aniulize hili swali, na tangu Safari Rally irudi kwa kalenda ya mbio za dunia 2021 wanaouliza wamezidi, maanake mtu anaenda Naivasha kuitazama anakula vumbi siku nzima, akirudi nyumbani anaanza kukumbuka zile gari za zamani, sasa anataka moja yake. Si ya kushindana. Anataka ya kuosha Jumamosi, ya kuvuta choki asubuhi kukiwa na baridi, ya kwenda nayo ushago wazee wasimame kando ya barabara waulize hii umeitoa wapi. Ukiongea na yeye kidogo unakuta roho yake iko kwa gari mbili tu, Peugeot 504 ama Datsun 160J.

Mimi niko na 504 saluni nyeupe tangu 2009. Shemeji yangu ako na 160J, na karakana yetu ni moja, yaani ule uwanja wa nyuma ya nyumba yake, kwa hivyo nimelala chini ya hizo gari zote mbili masaa mengi sana na nimeziendesha zote kwa barabara mbaya. Nitawaambia venye ninaziona, na mwisho wa yote niko na upande wangu, sitaficha.

Kwanza mjue ni kwa nini hili jambo linanigusa. Nililelewa upande wa Mau Narok, na Safari ilikuwa inapita huko Pasaka, mvua ndefu ndio imeanza, barabara ni tope tupu. Usiku huo tulikuwa tunalala na nguo. Saa kumi alfajiri unasikia watu wameanza kushuka kilima wamejifunga blanketi, unaruka unafuata, mnakaa juu ya ukingo mnangoja kwa baridi ile ya kule, na hakuna mtu anaongea sana. Kwanza unaona mwangaza unapiga mawingu ng'ambo ya kilima, gari yenyewe bado. Halafu sauti. Halafu inatokea imekaa kimshazari, taa zimejaa mbele, tope mpaka kwa paa, na kabla hujameza mate imeenda, imewaachia harufu ya mafuta na udongo kwa uso. Sisi watoto tulikuwa tunabishana ni gari gani hata kabla haijatokea, kwa sauti tu, na Datsun hukosei, ilikuwa inalia kwa ukali kama inapasua kitambaa. Kesho yake kila mtoto anakunja gari ya waya, matairi yamekatwa kwa ndara zilizoisha, namba imeandikwa na makaa.

Na miaka hiyo, 1979 mpaka 1982, wote tulikuwa Shekhar Mehta. Mara nne mfululizo, na Datsun, Mike Doughty akimsomea ramani. Ukiongeza ile ya 1973 aliyoshinda na 240Z zinakuwa tano, na hakuna mtu amewahi kushinda Safari mara nyingi kumliko. Hiyo ya 1973 yenyewe ilikuwa ya ajabu, yeye na Harry Källström, pia wa Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa kabisa, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Na huyu ni mtu alikuwa amezaliwa Uganda, akaondoka na Waasia wenzake waliofukuzwa 1972, mwaka uliofuata akashinda akiwa Kenya.

Sasa hapo ndipo naona watu wengi wanakosea. Wanachagua gari kwa kuhesabu vikombe. Ukihesabu vikombe 160J imeshinda hata kabla tuanze kuongea, maanake 504 saluni ilishinda Safari mara moja tu, 1975, na Ove Andersson. Ile ya 1978 ya Jean-Pierre Nicolas ilikuwa 504 kupe yenye injini ya V6, gari tofauti kabisa na ile mzee wa kanisa alikuwa anaendesha. Vikombe vingi vya Peugeot ni vya 404: Nowicki 1963, Bert Shankland wa Tanzania 1966 na 1967, Nowicki tena 1968. Na hiyo 1963 na 1968 kila mwaka gari 7 tu ndizo zilifika mwisho. Saba, katika gari nyingi zilizoanza.

Lakini kikombe hakitakubadilishia bushi. Gari ya mashindano iliandaliwa na watu wa kiwanda, ilikuwa inafuatwa na makanika na lori za spea, na juu kuna ndege ya kuongea nao kwa redio. Wewe utakuwa na fundi mmoja na mtoto wa kushika tochi. Kwa hivyo tuangalie gari ya dukani, ile ya kawaida, maanake hata Safari yenyewe ilianzia hapo. 1953 ilipoanza, wakiita Coronation Safari kwa sababu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, gari zilikuwa za kawaida na ziligawanywa kwa bei ya duka, si kwa ukubwa wa injini. Watu walitaka kujua pesa yako ikinunua gari hii, itavumilia barabara zetu ama itakuacha? Wamarekani walikuwa wamefikiria hivyo hivyo miaka minne kabla, 1949, NASCAR, chama chao cha mbio za gari, ilipofanya mbio yake ya kwanza ya gari za dukani huko Charlotte. Glenn Dunaway akafika wa kwanza na Ford, wakamkagua, wakakuta springi za nyuma zimefanyiwa kazi ambayo haikutoka kiwandani, ushindi akapewa Jim Roper wa Lincoln. Hiyo hadithi naipenda sana kwa sababu inaonyesha vita yote iko wapi. Chini ya gari.

Basi tuanzie chini ya gari.

504 saluni ile ya kawaida, kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na springi zina safari ndefu sana, unaweza kuona ikipita shimo gurudumu limezama na bodi imetulia kama hakuna kitu. Barabara yenye mawimbi mawimbi, ile inafanya meno yagongane, 504 ukifika kama 70 inaanza kuelea juu yake. Siongezi chumvi. Mama yangu ako na mgongo mbaya na gari pekee anakubali kuingia kwenda Narok ni hii yangu, tumempeleka na gari mpya ya juu juu ya jirani akarudi analia. Viti pia vinachangia, ni vilaini kama sofa. Lakini kona ukiingia haraka inainama sana, mtu asiyeijua anaogopa, anafikiri inalala. Hailali. Inainama inashika, inainama inashika, hiyo ndio tabia yake.

160J iko na ekseli moja ngumu nyuma, imebebwa na springi za koili. Kwa mawimbi inaruka. Nyuma inapiga hatua kando kidogo kidogo na unahisi kila kitu kwa usukani na kwa kiti. Kwa mtu anayependa kuendesha hiyo ni raha kubwa, gari nyepesi, unaiambia na mguu iende wapi, na kwa tope ukijua kuicheza inageuka kama mbuzi. Shemeji akishika kipande cha murram chenye mvua uso wake unabadilika anakuwa kijana wa miaka 15. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, hakai mbele tena. Faida nyingine ya hiyo ekseli ngumu ni kwamba haina mambo mengi, kwa 504 saluni zile shafti za nyuma zina viungo vyake na vikichoka unasikia tak tak tak ukiondoka, na hiyo ni kazi.

Sasa hapa kuna kitu lazima nikuonye kabla hujalipa mtu. Jina 160J lilibandikwa kwa gari mbili tofauti. Kuna ile ya zamani zaidi, ya kuanzia 1973, yenye mwili wa mviringo mviringo, na kuna ile ya mraba iliyotoka 1977. Iliyoshinda Safari mara nne ni hiyo ya mraba. Wauzaji wengi wanakuambia "hii ndio ile ya Mehta" huku wanakuonyesha ya mviringo. Si gari mbaya, lakini si ile, na bei isiwe ile. Na kwa Pijo pia, 504 ya familia, ile ya viti safu tatu, na pikap, hizo nyuma zina ekseli ngumu, familia iko na springi nne nyuma, mbili kila upande, ndiyo maana zilikuwa zinabeba abiria na magunia na kuku juu bila kulalamika. Ukinunua hiyo ukitarajia ule ulaini nilioongea hapo juu utanikasirikia bure. Baba mdogo alikuwa na familia ya kubeba abiria Nakuru Nairobi, watu saba na dereva, na aliiheshimu kuliko shamba. Hatukuruhusiwa hata kuiegemea.

Injini. Hapa ninaweza kukaa mpaka jioni.

504 ya kawaida utakayopata ni ya 1971 cc, wengine wako na 1796 cc. Ni injini ya zamani ya vijiti vya kusukuma valvu, haina haraka, lakini imetengenezwa na mtu aliyefikiria fundi wa mbali. Slivu zake, yaani yale mabomba ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, zinatoka. Silinda zikiisha hupeleki bloku mahali kuchongwa, unang'oa slivu na pistoni zake unaweka seti mpya, na fundi mzuri anaweza kufanya hiyo kazi chini ya mwembe. Hiyo peke yake ndiyo iliyofanya hii gari iishi Afrika nzima. Kitu kinachoua hizi injini ni joto, kwa sababu hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ni ya aluminiamu, ikipika mara moja inapinda. Na sababu ya kupika mara nyingi ni feni. 504 ilitoka na feni ya sumaku, inajiwasha yenyewe maji yakipata moto na inajizima ikipoa, jambo la akili sana kwa gari ya 1968, lakini ile brashi yake ikiisha mafundi wetu wanaifunga na bolti izunguke wakati wote. Si vibaya sana, inafanya kazi, ila inakula nguvu na inapiga kelele. Ukifungua boneti ukakuta bolti hapo, jua gari imepita kwa mikono ya watu wa kuokoa safari, uliza maswali zaidi. Na kama mtu anakuuzia yenye injekshoni, ile Ti, kuwa mwangalifu sana. Ile pampu yake ya kupuliza mafuta, ya Kugelfischer, ikiwa sawa gari inaenda vizuri ajabu, ikiharibika fundi wa kuisawazisha ni wa kutafuta na tochi. Mimi ningechukua ya kabureta.

160J iko na injini ya L16, 1595 cc, kamshafti, ile shafti ya kufungua valvu, iko juu, inaendeshwa na cheni. Inapenda kuzunguka. Pijo inakuambia tutafika tu, Datsun inakuuliza twende sasa hivi? Bloku ni chuma, hedi pia ni aluminiamu, kwa hivyo sheria ya joto ni ile ile, rediyeta safi ama ulie. Na kuna kitu kimoja kuhusu hii injini ambacho nikimwambia mtu anachangamka. 240Z, ile gari nyekundu na nyeusi ya picha zote za Safari, ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo 1971 na Mehta 1973, injini yake ya L24 ni ndugu wa damu wa hii. Upana wa silinda ni ule ule, urefu wa mwendo wa pistoni ni ule ule, imeongezewa tu silinda mbili. Yaani ukikaa na 160J umekaa na theluthi mbili ya 240Z kwa bei ambayo mwalimu anaweza kujikusanyia. Cheni ikianza kulegea unasikia inakwaruza mbele ya injini asubuhi, usipuuze.

Mafuta, kwa vile tunaendesha sisi, yangu inanipa kama kilomita 9 kwa lita na ya shemeji 11 akiwa na adabu. Tofauti si ya kukukosesha usingizi, hakuna mtu anaenda kazini na hizi gari kila siku.

Spea ndiyo itakuamulia, na hapa sitazunguka: 504 inashinda mbali. Zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa duniani, na huku kwetu zikaunganishwa Mombasa miaka mingi, na pikap zake ziliendelea kufanya kazi mashambani wakati saluni zimeshaanza kuisha. Hiyo pikap ndiyo inakuokoa. Vitu vingi vya injini, gia boksi, breki za mbele, bolijointi, vinatoka kwa pikap ama familia, na ukienda kwa maduka ya spea ya Grogan, Nairobi, ukamwambia yule mzee wa duka dogo "504", hakuulizi ni gari gani, anakuuliza tu ya mwaka gani. Na mafundi. Mzee yeyote aliyefanya kazi ya ukanika miaka ya 80 anaijua 504 akiwa amefumba macho. Fundi wangu ana zaidi ya miaka 70, hasikii vizuri, lakini anaweka kiganja juu ya kava ya valvu injini ikizunguka na anakuambia ni silinda ya tatu inavuta hewa. Niliandika vitu anavyoniambia kwa daftari kwa sababu naogopa siku hatakuwepo.

Kile hutapata kirahisi kwa 504 ni vitu vya saluni yenyewe. Taa za nyuma, vioo vya milango ya nyuma, zile chuma za kung'aa za pembeni, mpira wa kioo cha mbele. Ukipata gari ambayo vitu hivyo viko vyote na injini imekufa, nunua hiyo, uache yenye injini nzuri na taa za nyuma zimevunjika. Injini utapata.

Ya 160J unatafuta. Injini yenyewe si shida sana kwa sababu injini za aina ya L zilikuwa kwa Datsun nyingi, lakini bodi, dashibodi, taa, hata emblemu, hizo ni za kuuliza watu, kufuata tetesi, kuenda mpaka kijiji fulani Meru kwa sababu mtu aliona moja nyuma ya zizi. Shemeji alingoja grili ya mbele miaka miwili. Na bati lake ni jembamba, kutu inapenda sana Datsun za miaka hiyo, inaanzia chini ya milango na pale shoki za mbele zinashikilia juu. Yake aliuziwa ikiwa imepakwa rangi inang'aa kama sahani, muuzaji mwenyewe akaapa haijawahi kuguswa, wiki ya tatu tukapitisha sumaku chini ya mlango wa dereva ikaanguka chini. Bodifila tupu, ile putti ya kuziba mashimo. Tulikata, tukaweka bati jipya, miezi minne imeenda. Tangu hapo natembea na sumaku ya spika kwa mfuko nikienda kuona gari ya mtu. 504 pia inashika kutu, sana sana kama imeishi Pwani, angalia chini ya makapeti na zile chuma za chini ya milango, lakini bati lake ni zito zaidi na inakupa muda.

Kuna wale watakaosema mbona usiongelee zingine. Ford Escort naipenda. Hannu Mikkola alishinda na RS1600 1972, mtu wa kwanza kutoka ng'ambo kuja kutushinda nyumbani, na Björn Waldegård akashinda na RS1800 1977, tope la mwaka huo watu bado wanaliongelea. Spea za Escort Uingereza zimejaa, wanatengeneza mpaka bodi mpya nzima. Lakini hiyo ndiyo shida, Waingereza wameipenda mpaka bei imeenda juu ya vichwa vyetu. 240Z hali kadhalika, hiyo acha iwe picha ukutani. Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, ile Colt 1600 GSR ya 1974 na 1976, ningetoa ng'ombe wote niipate, maanake mwaka wa 1976 zilimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu, lakini kuiona tu ni bahati. Joginder nyumbani kwetu alikuwa jina la kitendo kabisa, dereva wa matatu akizidisha mwendo abiria wanamuuliza wewe ni Joginder? Mtu wa Kericho, na ushindi wake wa kwanza, 1965, aliupata na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika, si mpya. Beetle ni chaguo zuri kama pesa ni kidogo na huna haraka ya kufika popote, ilishinda mapema, ya mwisho 1962 na Tommy Fjastad, haina rediyeta ya kukusumbua, na inafunguka na spana chache. Porsche 911 waachie wenye nazo. Ile ilikuja Safari ikamaliza ya pili 1972, 1974 na 1978 na haikushinda hata mara moja, ndio ikaja kushinda kwa Safari Classic ya wazee, Waldegård akiwa na mtoto wake 2011, halafu Stig Blomqvist 2015.

Na msidanganyike na mawazo ya kuagiza kutoka nje. Kenya kwa kawaida gari ya zaidi ya miaka 8 hairuhusiwi kuingia, kwa hivyo usimtumie mtu pesa ya gari iliyoko Japani ama Uingereza kabla hujajua kwa maandishi kama itapita. Tafuta iliyo hapa, yenye logibuku, na namba ya chesi uisome mwenyewe kwa chuma, usisome kwa picha ya simu.

Sasa upande wangu. Kama hii ni gari yako ya kwanza ya zamani, na uko na familia, na unataka kuitumia kwenda mbali, chukua 504 saluni ya kabureta. Sisemi hivi kwa sababu niko nayo, nilinunua nikiwa nataka 160J roho yote, nikaikosa, nikachukua Pijo kwa hasira, na mwaka wa kwanza nikaenda nayo mpaka Arusha na kurudi kupitia Namanga na kitu kilichoharibika ni fyuzi moja ya taa tu. Ikanibadilisha mawazo. Ni gari inayosamehe. Umechelewa kubadilisha oili, inasamehe. Umebeba mahindi gunia nne, inasamehe.

Kama uko peke yako, ama watoto wameshakua, na unajua kushika spana mwenyewe, na unaweza kungoja grili miaka miwili bila kukasirika, basi wewe ni wa 160J na usikubali mtu akuambie vinginevyo, hata mimi. Hakuna kitu kama kuiwasha saa kumi na moja asubuhi. Nikiisikia kutoka nyumbani kwangu, nyumba mbili mbele, ikipanda kilima gia ya pili, bado nasimama. Nywele zinasimama. Ukienda nayo Concours, yale maonyesho ya gari pale Ngong Racecourse, utaona watu wazima, watu wa suti, wanaipita Mercedes iliyong'arishwa wanakuja kuinama kwa dirisha la Datsun ya bei ndogo kuangalia dashibodi, na kila mmoja anaanza kukuambia alikuwa amesimama wapi mwaka gani.

Ukienda kuona gari, iwe gani, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Fika asubuhi mapema, weka mkono juu ya injini, ikiwa na joto mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi fungua rediyeta kwanza uangalie kama maji yana mafuta juu, vuta kijiti cha oili uone kama kuna rangi ya maziwa, halafu ndio uwashe, ukae nyuma ya gari uangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua, na kwa 504 hiyo ni slivu na pistoni, unaweza kukubaliana bei. Mweupe usioisha hata ikipata moto, hiyo ni hedi. Iache izunguke dakika 20 ikiwa imesimama tu, mpaka uone gauge ya joto imetulia mahali, na wakati unangoja pitisha sumaku milango yote chini, pole pole, huku unamuuliza mwenyewe habari za watoto.